Dakika Tano Bila Kengele

Kila likizo Kidoti aliishi melini, kwa kuwa mama yake alikuwa mpishi wa meli ya mvuke na mjomba wake baharia humohumo. Asubuhi alimenya viazi, kisha akamfuata mjomba kwa maswali ya kumchosha hata samaki.

Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito, ungeweza kuupaka kwenye mkate. Meli ilitia nanga nje ya bandari. Kengele ya mbele ilipaswa kugongwa kila dakika, ili vyombo vingine viikwepe. Zamu ilikuwa ya mjomba.

"Mjomba, niachie nigonge."

"Wewe? Mikono yenyewe vijiti vya kiberiti!"

"Naweza bwana!"

Mjomba akacheka. Alitaka kushuka chini mara moja kunywa chai. "Haya. Hesabu hadi sitini, gonga. Usiache hata nikirudi na mvi."

Kidoti aligonga mara kumi. Ndipo akasikia vitoto vya paka vikilia nyuma ya rundo la kamba. Akaenda kuvitazama dakika moja tu. Zikawa tano.

Kishindo! Meli ya mizigo ilitokea ukunguni ikawagonga ubavuni. Masufuria ya mama yakaruka, maji yakaingia. Hakuna aliyeumia, lakini pampu zilifanya kazi hadi jioni.

"Uligonga, mwanangu?" mjomba alinong'ona.

"Niligonga, mjomba."

Basi mjomba akaapa mbele ya nahodha kwamba kengele haikunyamaza.

"Wenzetu wa meli ya mizigo walitega masikio, hawakusikia kitu," nahodha alisema. "Ulilala zamuni, na sasa unaapa uongo. Kesho ushuke na mzigo wako."

Mjomba hakumtaja mtu. Kidoti akamwona akigeuka kwenda kufunga mzigo wake.

"Ni mimi!" akalia. "Niliacha kugonga. Nikamdanganya."

"Uongo si wako," nahodha alimwambia mjomba. "Lakini zamu ilikuwa yako. Utabaki, ila hutashika zamu tena mwaka huu. Utakwangua kutu."

Siku ya pili, meli ikiwa kwa mafundi, Kidoti alimkuta mjomba akikwangua.

"Nisamehe, mjomba."

"Nimeshakusamehe. Kuacha kengele ni utoto, na kukuachia ni kosa langu. Lakini nilikuuliza, nikakuamini, nikaapa kwa neno lako. Uongo, mwanangu, humzamisha kwanza anayekupenda."

Kidoti alichukua brashi ya waya, akachuchumaa kando yake.