Kikombe Namba Saba

Kila Jumamosi, kabla jua halijawa kali, Kifungo na mama yake walifunga kamba za viatu, wakabeba ndoo yenye chupa kumi na mbili, wakashika njia ya msituni. Jina hilo alilipata akiwa na miaka miwili, alipomeza kifungo cha gauni la mama yake na kuitia nyumba nzima kiwewe. Sasa alikuwa na miaka kumi na mmoja, lakini jina lilikuwa limemganda.

Mama alimfanyia kazi mtafiti wa wadudu. Vikombe kumi na viwili vya plastiki vilifukiwa ardhini, midomo yake ikiwa sawa na udongo. Ijumaa jioni Mama alivifunua na kuvitia maji kidogo. Mdudu akipita usiku, anatumbukia na kuzama. Asubuhi Mama aliwatoa kwa kibanio na kuwatia kwenye chupa ya spiriti, naye Kifungo akaandika namba ya kikombe kwenye kikaratasi cha kuwekwa ndani ya chupa. Aliandika kwa penseli, maana wino huyeyuka ndani ya spiriti. Kisha aliandika idadi daftarini.

"Mama Mende huyo anapita!" jirani yao mshona viatu aliwatania. "Leo mnatuletea kitoweo gani?"

"Jongoo wa kukaanga, shemeji," Mama alijibu bila kugeuka. "Andaa sahani."

Vikombe vinne vilikuwa kwenye msitu wa upande huu, vinne kwenye msitu wa ng'ambo, na vinne katikati, kwenye ukanda wa miti michanga iliyopandwa miaka mitatu nyuma. Mtafiti alitaka kujua kama wadudu wa kivulini wameanza kuvuka kutoka msitu mmoja hadi wa pili kupitia ukanda ule. Hasa alimtafuta mbawakawa mweusi mwenye pembe kichwani, anayezika kinyesi cha wanyama na kuurutubisha udongo. Msituni walikuwa tele. Lakini kikombe namba saba, katikati kabisa ya ukanda, hakikupata hata mmoja. Kila Jumamosi Kifungo aliandika sifuri.

Sifuri ile ilimkera. Shuleni, sifuri ilikuwa na maana moja tu. Halafu siku moja alimsikia Mama akimwambia shangazi kwenye simu, "Mkataba unaisha mwezi ujao. Sijui kama wataniongezea." Tangu hapo Kifungo akaamini kwamba kikombe namba saba ndicho kitakachomfukuzisha Mama kazi.

Ijumaa moja, baada ya kurudi kutoka kufunua vikombe, Mama aliteleza bafuni. Kulipokucha, kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba kama mpira.

"Na wadudu wasipotolewa leo wataoza," alilalamika.

"Nitakwenda mimi, Mama. Njia naijua."

Mama alijaribu kukanyaga chini, akakaa tena. "Haya. Lakini unachokikuta ndicho unachokiandika. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mama."

Kikombe namba mbili kilikuwa na mbawakawa wanane wenye pembe. Kikombe namba saba kilikuwa na maji na majani mawili makavu. Kifungo alichuchumaa. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akafungua chupa namba mbili, akachomoa mbawakawa watatu, akawatia kwenye chupa namba saba. Daftarini aliandika "2: watano" na "7: watatu". Aliikandamiza penseli hadi ikavunjika ncha, akalazimika kuichonga kwa meno.

Jumatano jioni Mtafiti alikuja nyumbani mwenyewe, miwani ikining'inia kifuani, uso umejaa kicheko.

"Mama Kifungo, wamevuka! Watatu, kikombe namba saba!"

"Saba?" Mama alikunja uso. "Kwenye jua lile?"

"Kwenye jua lilelile! Ijumaa nina kikao na watu wa misitu. Kama wadudu wameshavuka, miche elfu mbili iliyobaki haina kazi hapa, itapelekwa kwingine. Na mkataba wako nitauombea mwaka mzima."

Kifungo alikuwa mlangoni na kikombe cha chai ya mgeni. Nusu yake ilimmwagikia miguuni, wala hakuhisi moto wake.

Kesho yake, akitoka shule, alipita kwenye ukanda. Miti ilimfika mabegani tu. Udongo ulikuwa umepasuka, na joto lake lilipenya soli za viatu. Pembeni, miche imepangwa kwenye mifuko myeusi, ikingoja kubebwa. Hapa havuki mdudu yeyote wa kivulini, alijiambia. Na miche ikiondoka, hatavuka kamwe.

Nyumbani alimkuta Mama anapiga pasi na kuimba kwa sauti ya chini. "Mwaka mzima, mwanangu!" alisema. "Unajua hiyo ni pumzi kiasi gani?"

Kifungo alisimama pale pale na mkoba mgongoni. "Mama, wale watatu niliwatia mimi."

Wimbo ukakatika. "Uliwatoa wapi?"

"Kikombe namba mbili."

Harufu ya kitambaa kinachoungua ilijaa chumbani kabla Mama hajakumbuka kuinua pasi. Alikaa kitini.

"Kwa nini?"

"Nilidhani sifuri itakufukuzisha kazi."

Mama alifumba macho. "Ah, mwanangu," alisema. "Twende."

Alichechemea hadi ofisini kwa Mtafiti. Chumba kilinuka spiriti, na rafu zilijaa chupa hadi darini. Mama alisogea nyuma hatua moja, na Kifungo akajua kwamba maneno ni yake kuyasema. Aliyasema yote, akitazama vidole vya miguu yake.

"Kosa ni langu pia," Mama aliongeza. "Nilimtuma mtoto bila kukuambia."

Mtafiti alifungua daftari. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya Jumamosi nzima, chupa zote kumi na mbili.

"Lakini niliharibu mbili tu!" Kifungo alilia. "Zile kumi ni za kweli!"

"Nitajuaje?" Mtafiti aliuliza kwa upole. "Ukichezea mbili, zote kumi na mbili nazitilia shaka." Alimvuta karibu. "Sikiliza. Mkataba wa mama yako haukutegemea kikombe chochote. Ulitegemea mtu anayeniambia kilichomo na kisichokuwemo. Ile sifuri yenu ndiyo iliyokuwa inanionyesha mahali pa kuongeza miti. Ukweli hata ukiwa mtupu una kazi yake, na uongo hata ukiusema kwa ajili ya unayempenda unamuumiza." Akamgeukia Mama. "Mwaka siwezi kuahidi tena. Nitaomba miezi sita, na tutakuwa tunakwenda pamoja. Miche inabaki. Afadhali mmekuja kabla ya kikao."

Jumamosi, watu watatu walikuwa wakichimba mashimo kwenye ukanda. Mtafiti alisimama kando. Mama aliinama juu ya kikombe namba saba kwa muda mrefu. Maji, na jani moja.

"Andika," alisema.

Kifungo alilamba ncha ya penseli, akaandika sifuri kubwa ya mviringo, akahakikisha imefunga vizuri.