Pumzi Moja ya Nahodha Saburi

Sanduku la bati lilikuwa wazi kando ya kitanda, na daftari halikuwemo.

Lydiah Nyaga alipiga magoti, akavaa glavu, akamulika ndani kwa tochi ingawa ilikuwa saa nne asubuhi na jua la Garland, Texas, limejaa chumba kizima. Cheo chake kwa Kimarekani kina jina lingine, lakini Waafrika wote wa huku humwita Inspekta, naye amechoka kuwasahihisha. Askari wa doria aliyetangulia alisikia "daftari limeibwa", akatabasamu, akampigia simu yeye. Mambo ya Waswahili, mwite Mswahili.

"Nani ameligusa sanduku?"

"Mimi tu, Afande," alijibu Fiona, binti wa mwenye nyumba, macho yamemvimba kwa kulia. "Nililifungua leo nimtolee Baba."

"Likoje hilo daftari?"

"Kubwa, jalada jeusi. Kurasa mia mbili za mwandiko wake."

"Kuna nakala?"

"Hakuna hata picha. Baba alikataa. Anasema vitu vya kwenye simu watu husoma mwisho kwanza."

"Limeandikwa nini hata liibwe?"

Fiona alimtazama baba yake kitandani, Mzee Modestus, amelala chali, kifua kikipanda na kushuka taratibu. Saratani ilikuwa imemla akabaki ngozi na mifupa. Daktari alikuwa amewaambia wahesabu siku, wasihesabu wiki.

"Ni kitabu cha kumi na tatu cha Undari," alisema Fiona.

Kalamu ya Lydiah ilisimama.

Jamani, Undari! Sayari ya majua mawili, ambako mito hupanda milima na ndege wana mabawa ya shaba. Vijitabu kumi na viwili vyembamba, karatasi ya kufungia sukari, vilichapishwa Tanzania enzi zile za foleni, vikavuka mpaka mifukoni mwa wachuuzi hadi Embu, Kenya. Lydiah alivisoma darasa la sita, akiwa ametumwa kukata nyasi za ng'ombe. Nahodha Saburi alikuwa amekwisha kuanguka na chombo chake, amewashinda Watu wa Chumvi, amepita jangwa linaloimba. Ng'ombe alikuwa bado na njaa. Mama alimchapa, na kesho yake akasoma tena.

Kila kijitabu kilimwacha Saburi penye hatari, ndiyo ilikuwa desturi ya mwandishi. Cha kumi na mbili kilimwacha mbele ya Lango la Kioo, hewa imemwishia, amebakiwa na pumzi moja. Kisha kiwanda kikakosa karatasi, kikafungwa. Miaka arobaini Saburi amesimama pale na pumzi yake moja, na maelfu ya watoto wamekua wakazeeka bila kujua kama alipona.

Na aliyemsimamisha pale ndiye huyu, mwalimu wa hesabu kutoka Bukoba, amelala nyumba ya tofali mtaa wa nne kutoka stesheni ya mafuta ambapo Lydiah hununua kahawa kila siku. Inspekta alivua kofia. Hakujua kwa nini, mkono uliamua wenyewe.

Fiona alieleza mengine taratibu. Mzee alikuwa amemaliza ukurasa wa mwisho Jumatano. Tangu siku hiyo macho yamekufa kabisa, hawezi kusoma, akaomba asomewe kwa sauti, asikie kwa masikio yake, mbele ya wasomaji wachache. Walikuwa wamealikwa leo Jumapili, saa tisa alasiri. Watu walikuwa wanatoka mpaka Houston. Mzee akiondoka kabla daftari halijapatikana, ameondoka bila kusikia kazi yake, na Saburi atabaki pale langoni daima.

"Nyumba ilikuwa tupu lini?"

"Jana saa saba mpaka saa kumi. Nilikuwa kwenye kikao cha kamati ya harusi. Baba alikuwa amekunywa dawa ya maumivu, na hiyo ikimshika hata tingatinga halimwamshi."

"Funguo?"

"Yangu, ya nesi Rosette anayekuja Jumatatu na Alhamisi, na ya dada yangu Prudensia. Lakini Dada yuko Houston."

Mlango haukuvunjwa. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ndani. Jambo lililomsumbua Lydiah ni kwamba vile vijitabu kumi na viwili vya awali, vyenye sahihi ya mwandishi, vilikuwa mle mle sandukuni, havijasogezwa hata kidogo.

Alimpigia Prudensia. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya upole na uchovu. Ndiyo, ameambiwa. Hapana, jana alikuwa kazini kutwa. Pole na kazi, Afande.

Aliyefuata alikuwa Dedan wa Cedar Hill, Mkenya wa kampuni ya bima, ambaye kila aliyeulizwa alimnyooshea kidole. Mara tatu alikuwa amemwomba Mzee ruhusa ya kulipiga picha daftari, na mara tatu alikataliwa.

Dedan alimfungulia Inspekta akiwa na soda mkononi. Ukutani sebuleni, ndani ya kioo, vilikuwa vijitabu kumi na viwili vya Undari. Majalada yalikuwa yamepauka, lakini majua mawili yalikuwa bado yanawaka na Saburi bado ameinua mkuki wake wa umeme. Lydiah alisahau kilichomleta. Walisimama wawili hao, watu wazima wenye mikopo ya nyumba, wakitazama kama watoto mbele ya duka la pipi.

"Cha saba sikuwahi kukiona," alinong'ona Inspekta.

"Cha saba ndimo anamompata yule ndege."

"Usiniambie." Akakohoa, akajikumbuka. "Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa. Birthday ya mtoto. Nilikuwa nachoma mbuzi."

"Nani alikuona?"

"Watu arobaini. Na video iko kwa group."

"Ulilitaka lile daftari?"

"Inspekta, kuna mtu wa rika letu asiyelitaka? Lakini ningekuwa mwizi, ningechukua vijitabu vyenye sahihi. Hivyo vina soko. Daftari ambalo hakuna aliyelisoma nitamuuzia nani?"

Video ilithibitisha mbuzi na mchomaji. Lydiah akarudi Garland akitafuna maneno hayo. Mwizi hakutaka kuuza. Basi alitaka nini?

Alipoingia, Mzee Modestus alikuwa macho. Lydiah aliinama. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye polisi?"

"Ndiye."

"Umesoma Undari?"

"Vyote isipokuwa cha saba."

Mzee alicheka, na kicheko kikamgeuka kikohozi. Akanyoosha mkono kutafuta glasi ya maji. Hapo ndipo Lydiah alipoiona bandeji.

Ilikuwa kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, safi, na juu yake imevikwa soksi nyeupe iliyokatwa ncha ikawa kama mkono wa sweta. Ukingoni mwa bandeji palikuwa na maandishi madogo ya kalamu: 10/18, 1425.

Lydiah alikuwa muuguzi kabla ya kuwa polisi, kama nusu ya Wakenya wa Texas. Ukirusha jiwe kanisani kwao litampata nesi, na likimkosa litampata mume wa nesi. Anaijua desturi hiyo. Muuguzi hafungi kidonda bila kuandika tarehe na saa, wala hafikirii, mkono huandika wenyewe. Tarehe kumi na nane ilikuwa jana. Saa nane na dakika ishirini na tano mchana, Fiona akiwa kwenye kikao.

Alimpigia Rosette, nesi wa Kikongo, na kumuuliza alifika lini mara ya mwisho.

"Jeudi, mama, Alhamisi. Jumamosi sikufikaka kwa ule mzee."

"Uliweka soksi juu ya bandeji?"

"Soksi? Non. Mie natiaka plasta."

Lydiah alikata simu, akamwita Fiona kitandani, akamwonyesha. "Hii soksi nani huwa anafanya hivi?"

"Ngozi ya Baba inachunika na plasta," alisema Fiona. "Soksi ni mtindo wa Da..." Akaziba mdomo kwa kiganja.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wa kale, na Inspekta hakufurahi hata chembe kuwaona wana haki. Aliwaomba wageni wa saa tisa warudi makwao. Akamsihi Fiona asipige simu popote.

Jumatatu alfajiri alishika barabara ya Arobaini na Tano kwenda Houston, saa nne nzima za malori na mabango. Njiani alimpigia msimamizi wa zamu kule Prudensia alikofanya kazi ya unesi. Prudensia aliishi mtaa wa Alief, ghorofa ya pili, juu ya duka la unga wa muhogo. Alifungua mlango akiwa bado na sare ya kazi, mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye pua ya baba yake.

"Karibu, Afande. Chai?"

"Baadaye, dada. Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Nilikwambia. Kazini."

"Mpaka saa ngapi?"

"Saa moja jioni."

"Msimamizi wako anasema ulibadilishana zamu."

Prudensia aligeukia birika la chai. Lydiah akaweka simu mezani, picha ya mkono wenye soksi imejaa kioo.

"Mkono huu ni wa nani?"

Prudensia aliivuta simu karibu.

"Bandeji ya Alhamisi ilikuwa imelowa," alisema. "Kidonda kinatoa maji. Ningemwachaje?"

"Ukaandika na saa."

"Niliandika?" Akainamia picha, akasoma, akafunga macho. "Mazoea yana taabu."

Aliingia chumbani, akarudi na kitu kilichofungwa ndani ya khanga. Alikiweka mezani kwa mikono miwili. Jalada jeusi lilionekana kwenye mkunjo, na Lydiah, Mungu amsamehe, alisikia moyo wake ukidunda kama wa mtoto wa darasa la sita.

"Umelisoma?"

"Sijafungua hata jalada."

"Basi uliliiba la nini?"

"Inspekta, miaka kumi na tisa ninauguza watu wanaokufa. Hiyo ndiyo kazi yangu, hawa tu. Nimeona bibi aliyengoja mjukuu atoke jeshini. Alimshika mkono, akaenda kabla chai haijapoa. Nimeona mzee aliyengoja harusi ya binti yake, akaonyeshwa kwenye simu, hakumaliza siku. Mtu anayekufa hung'ang'ania kitu kimoja. Akikipata anaachia. Waulize manesi wote, watakwambia."

"Na baba yako..."

"Baba alikuwa anangoja mwisho wa Saburi. Fiona akanipigia kwa furaha, Dada, Jumapili saa tisa tunamsomea. Yeye alikuwa ananialika kwenye hadithi. Mimi nilisikia saa ya kifo cha baba yangu." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Nikasema bila daftari atangoja. Wiki moja. Mbili. Nipate likizo nije nikae naye."

"Umewaacha watu wengi langoni, dada. Na Saburi mwenyewe."

"Saburi amezoea kusimama pale. Baba sina mwingine."

Lydiah aliikunja khanga juu ya daftari. Katika kazi hii amesikia watu wakikiri wivu, tamaa na hasira. Hajawahi kusikia mtu akikiri kwamba ameiba mwisho wa hadithi ili kuzuia mauti, na kilichomtetemesha ni kwamba, akikumbuka wadi alizofanyia kazi, hakuona pa kumbishia.

"Chukua mkoba," alisema. "Twende Garland."

Walifika saa tisa alasiri. Mzee Modestus alikuwa hai, macho yake yasiyoona yameelekea mlangoni. Prudensia alipiga magoti, akamwamkia, akaweka daftari kifuani pake na kumwambia kila kitu, bila kujitetea. Fiona alisimama ukutani akilia kimya.

Mzee alilipapasa jalada. "Kwa hiyo Jumamosi ulikuwa humu ndani."

"Ndiyo, Baba."

"Ulinifunga kidonda."

"Ndiyo, Baba."

"Na hukuniamsha."

"Ulikuwa umelala. Niliogopa..."

"Mwisho wa Saburi naujua, Prudensia. Niliuandika mwenyewe, ningeungojea kwa nini?" Alipumzika, akavuta pumzi, kila neno likimgharimu. "Tangu Pasaka nakungoja wewe. Gari likisimama nje namuuliza Fiona, ni yeye? Unakuja mpaka kitandani kwangu, unanivika soksi, unakwenda zako."

Prudensia aliweka kichwa kwenye godoro akalia kwa sauti, kama mtu aliyefiwa tayari. Mzee aliusaka uso wake kwa vidole mpaka akaupata.

"Afande yupo?"

"Nipo, Mwalimu."

"Sina malalamiko yoyote."

"Nitaandika hivyo, Mwalimu."

Prudensia aliinuka, akajifuta, akafungua daftari. Aliuliza kama asome sasa. Chumba kizima kilishika pumzi, Inspekta wa kwanza.

"Weka hapo miguuni," alisema mzee. "Haraka ya nini? Nieleze kwanza watoto. Yule mdogo bado anaogopa mbwa?"

Prudensia alicheka katikati ya machozi, akavua viatu, akapanda kitandani kando ya baba yake. Akaanza kueleza habari za mbwa. Lydiah, aliyengoja zaidi ya miaka thelathini kujua kilichokuwa nyuma ya Lango la Kioo, alilitazama lile daftari jeusi lililokuwa hatua mbili tu kutoka mkono wake. Kisha akatoka, akaufunga mlango taratibu.