Daftari la Rafu la Hajra

Pale Gwata, hakuna aliyemshinda Hajra kwa mwandiko. Tangu darasa la tatu alikuwa na madaftari mawili kwa kila somo. Moja la rafu, la kuandikia haraka. La pili safi, la kumwonyesha mwalimu. Akikosea herufi moja, alichana ukurasa mzima na kuanza upya. Mama yake, Bi Biasha, alinung'unika kwamba binti huyu atamaliza karatasi za wilaya nzima.

Alipofika miaka ishirini, Hajra aliugua kisukari. Kliniki ya kule Mlandizi ikampa sindano za insulini na mashine ndogo ya kupimia sukari. Unajitoboa kidole, unaweka tone la damu, mashine inakupa namba. Sista Adventina, muuguzi wa kliniki, alimwambia aandike kila namba. Hajra akanunua madaftari. Mawili, bila shaka.

Kwenye rafu aliandika namba za kweli. Kumi na nne. Kumi na saba. Zilikuwa juu mno, na zilimtia aibu. Aliziona kama maksi za mtu aliyefeli. Basi kila Jumapili alinakili daftari safi, na katika kunakili alizirekebisha. Kumi na saba ikawa saba. Kumi na nne ikawa sita. Ilipokaribia siku ya kliniki alichoma sindano na kula kidogo sana, ili mashine ya Sista nayo isome vizuri.

Sista alilisifu daftari. Alisema dozi inatosha, aendelee nayo hiyo hiyo.

Nyumbani hali ilikuwa nyingine. Hajra alikunywa maji na kiu haikuisha. Alikwenda chooni kila mara. Magauni yakampwaya. Bi Biasha aliilaumu mashine. Alisema inamnyonya mtoto damu kila siku, na kama ina faida, mbona anakonda?

Wakati huo Hajra alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ualimu kule Kisarawe. Ilibaki miezi mitatu kifunguliwe.

"Kwa hali hii huendi, mwanangu," mama alisema. "Ukianguka huko, nani atakuokota?"

Hajra alilia. Ualimu ndiyo ndoto aliyokuwa nayo tangu utotoni.

Kliniki iliyofuata Hajra na mama yake walikuta mgeni. Lusajo alikuwa mtafiti wa mambo ya akili na tabia. Aliwauliza vijana wanazionaje mashine za afya, na wanajisikiaje wanapokosea. Alimpa Hajra fomu. Hajra akamuuliza majibu sahihi ni yapi.

Lusajo alicheka kwa upole. "Huu si mtihani, dada. Nataka jibu lako tu. Hata jina huandiki."

Hajra akasoma sentensi ya kwanza: *Nikikosea kidogo, najiona nimeshindwa kabisa.* Aliweka alama, akaifuta, akaiweka tena. Karatasi ikatoboka. Akasoma ya pili: *Huwa naficha namba mbaya.* Aliinuka, akaingia chumbani kwa Sista pamoja na mama yake. Akatoa mkobani daftari la rafu, lenye madoa ya mchuzi.

"Shikamoo, Sista. Hili ndilo la kweli."

"Marahaba." Sista alilisoma. Kisha akabonyeza mashine ya Hajra. Kumbe ina kumbukumbu, na namba zote za rafu zilikuwamo.

Hakumgombeza. Alisema, "Hajra, dozi hii nilimpa yule wa kwenye daftari safi. Yule hayupo. Mgonjwa ni wewe, na dawa haikutoshi."

Kisha akawaeleza wote wawili. Mashine haimnyonyi mtu damu, inachukua tone moja tu. Wala haitoi maksi. Inatoa habari, na habari mbaya ndiyo inayohitajika zaidi kliniki. Akaonya pia kwamba kuchoma insulini bila kula kunaweza kumwangusha mtu ghafla. Na dozi habadilishi mgonjwa mwenyewe, anabadilishiwa kliniki.

Hajra alimweleza Lusajo pia. Lusajo akamwambia hayuko peke yake. Wiki ile alikuwa amewasikia vijana wengine wawili waliotaka kila kitu kiwe bila kosa. Mmoja alificha namba. Mwingine aliacha kupima kabisa.

Daktari wa kliniki aliongeza dozi kidogo kidogo, na Hajra akarudi kila wiki na rafu yake. Kumi na tatu. Kumi na moja. Siku moja aliandika: *Kumi na tano, pilau ya harusi ya jirani yetu Mboni.* Mkono ulimwasha kuirekebisha. Akaiacha.

Kiu ikaisha. Magauni yakaanza kumkaa.

Asubuhi moja mashine ikaandika saba. Saba ya kweli. Hajra alimwonyesha mama yake, na Bi Biasha akapiga vigelegele hadi majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

"Haolewi mtu," alijibu. "Mwanangu anakwenda chuo."

Siku ya safari ya Kisarawe, Bi Biasha alimfungia samaki wa kukaanga. Alikosa karatasi, akachana daftari safi. Zile sita na saba za mwandiko mzuri zikalowa mafuta. Hajra alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akalitia daftari la rafu mkobani, pamoja na mashine, akapanda basi.