Nukta Nyeupe Mlangoni

Nukta ile haikukubali wino.

Ilikuwa ndogo kama punje ya mchele, nyeupe, katikati ya mlango wa giza, katika picha kubwa kuliko zote za maonyesho yale. Mpiga picha alikuwa amezunguka akipiga nyumba zilizohamwa, na hiyo aliipa jina la “Nyumba Isiyo na Mtu”. Kuziba nukta za vumbi kwenye picha ilikuwa kazi ya mwanamume mmoja ambaye wenzake walimwita Jicho, kwa kuwa, walisema, anaweza kuhesabu kope za kiroboto. Kazi yenyewe ni ya subira. Unachovya brashi nyembamba katika wino, unailamba ncha ichongoke, kisha unagusa nukta, unagusa tena, mpaka inafanana na weusi ulioizunguka.

Jicho aligusa. Wino ulinywewa, nukta ikabaki nyeupe. Kwa desturi angeitoa filamu ya picha ile na kuitazama kwa lenzi, maana vumbi hupulizwa likaondoka, na kisichopulizika si vumbi bali ni kitu kilichokuwapo picha ilipopigwa. Lakini mafundi wa fremu walikuwa wamesimama na kioo mikononi, mmoja akimuuliza kama anapaka picha au anaposa. Akailamba brashi, akagusa, akailamba tena, mpaka ulimi ukawa mchungu na nukta ikazama. Papo hapo ukumbini pakanuka ukuta uliolowa. Fundi wa fremu akasema labda bomba limepasuka.

Alipofika nyumbani, bintiye wa pekee alikuwa amesimama mlangoni. Siku zote mtoto huyo alimkimbilia na kumnusa vidole kutafuta harufu ya wino. Leo hakukimbia. Alisimama juu ya kizingiti, si ndani si nje, akatabasamu. Jino lake la mbele, lililong'oka juzi tu, lilikuwa mahali pake.

Mkewe alisema limeota, watoto wa siku hizi wanaota haraka. Alisema hivyo bila kumtazama mtoto. Jicho akaenda kwenye dirisha, akafungua kibiriti ambamo mtoto alikuwa ameliweka lile jino kama hazina. Lilikuwamo.

Kuanzia hapo nyumba ikawa na harufu ile ile ya ukuta uliolowa, iliyozidi kila mtoto alipopita, na mtoto mwenyewe hakula, hakucheza, hakupepesa macho hata jua lilipompiga usoni, ila alihama mlango mmoja hadi mwingine na kusimama. Mama akavumilia mpaka akashindwa. Alimvuta mumewe nyuma ya tangi la maji, akamnong'oneza.

“Mwenzangu, yule si mwanangu. Nimemwogesha. Maji hayamlowanishi.”

Jicho alirudi ukumbini asubuhi, kabla wageni hawajaingia, akasimama mbele ya picha. Nukta ilikuwa imerudi mlangoni. Safari hii alitoa lenzi, akaisogeza kwenye kioo, na ndani ya ile punje ya mchele akaona gauni la shule, na mkono mdogo uliofunika mdomo, vile bintiye alivyokuwa akiufunika tangu apate pengo. Akaweka sikio. Nyuma ya kioo, polepole, ukucha ulikuwa unagonga.

Mkewe alikuwa na mjomba mganga wa kupunga majini, mtu wa maneno machache, aliyekaa mbali. Jicho akaacha kazi akamfuata. Mzee alipofika na kumwona aliyesimama mlangoni, alikataa kuingia ndani. Aliwaita wazazi uani, akaketi chini kabisa, akauliza swali moja.

“Ile brashi ulitia mate?”

“Nilitia, mjomba. Ndiyo kazi yetu.”

Mzee akainamisha kichwa. Aliwaeleza kwamba jini yule alikuwa na makazi yake katika mlango wa ile nyumba ya pichani, wala hakuwa na ugomvi na mtu. Amefutwa, akafuata mate mpaka kwenye damu ya aliyemfuta. Anayefutwa pale huchukua nafasi ya mtoto wa nyumba ya aliyefuta, na mtoto huwekwa mlangoni badala yake. Dawa ilikuwa moja: picha iletwe, itolewe kioo, na baba aulambe ule wino wote mbele ya jini, maana alichotia kwa ulimi hutoka kwa ulimi.

“Ila isiwe imeguswa na mwingine,” alisema mzee. “Ikiguswa, mimi sina langu hapo.”

Jicho alikimbia, akawapita watu waliomsalimu na wasiomsalimu, akavuka barabara bila kutazama magari, huku ulimini uchungu wa wino ukimrudia kama ameulamba sasa hivi, na masikioni ule ukucha ukigonga, ukigonga, mpaka alipousukuma mlango wa ukumbi na kuona ukuta mtupu wenye misumari miwili.

Picha ilikuwa sakafuni, ndani ya sanduku la mbao. Imenunuliwa, alisema mama msimamizi wa ukumbi, inakwenda ng'ambo. Mnunuzi alikuwa amelalamikia kidoa cheupe mlangoni.

“Nawe hukuonekana, baba. Jana nimetoa kioo nikakiziba mwenyewe. Si nimekuona miaka yote unavyoilamba ile brashi? Chungu, lakini kimezama.”

Jicho aliketi juu ya ngazi ya mafundi. Mama msimamizi alidhani anaumwa. Akamfariji kwa kumweleza kwamba yeye pia hakupumzika, mjukuu anayemlea amemchosha tangu jana. Analia, haambiliki, amejifunika mdomo kwa mkono. Walipoutoa mkono kwa nguvu wakakuta jino la mbele limetoka, na hapakuwa na aliyeona lilikoangukia.

“Ananusa vidole vya kila mwanamume anayeingia,” alisema, akicheka kwa uchovu. “Anataka kwao. Kwao ni wapi tena, na nyumba ni ile ile aliyozaliwa?”

Mafundi walikuwa wanapigilia msumari wa mwisho. Mama msimamizi akatega sikio, kisha akawaamuru wafungue waongeze vipande vya godoro vya kuibana picha.

“Kuna kitu kimelegea humo ndani,” alisema. “Sikieni kinavyogonga.”