Kidole Kinachochelewa

Solange alimkuta Casimir katikati ya soko la Baraka, ameketi juu ya gunia la ndagala, dagaa wa ziwani, anajaribu gitaa la kuuzwa. Pikipiki zilipiga honi, wamama walibishana bei, naye Solange, kitenge cha njano kiunoni, akajikuta anaimba. Mguu wa Casimir ulishika mdundo vizuri, lakini kidole kilifika nyuma kidogo, kila mara. Hapo ndipo moyo wa Solange ulipokwama.

Casimir alipopata kazi ya ualimu mjini Fizi, waliendelea na mapenzi na muziki kwa simu: yeye anarekodi gitaa na kulituma, Solange anaimba juu yake katika studio ya Bertin, fundi wa kurekodi. Siku moja Bertin alinung'unika kwamba gitaa haliendani na mdundo wa kompyuta, na Solange akamalizia hasira kwa asiyestahili.

"Casimir, unachelewa kila siku! Unatuharibia wimbo!"

Casimir alikata simu. Kesho yake risasi zikalia barabara ya Fizi, mtandao ukafa. Siku tatu Solange hakula kitu kikashuka.

Siku ya nne mtandao ukarudi, gitaa likaingia kutoka namba ya Casimir, bila hata salamu. Kila uzi ulitua juu ya mdundo, sawasawa.

"Parfait!" Bertin akashangilia.

Solange akairudisha rekodi mwanzo, akaisikiliza tena. Huyu si Casimir. Kuna mtu ameshika simu yake. Basi mwenyewe yuko wapi? Alipiga mara tano. Ya sita ikapokelewa.

"Solange? Ni mimi."

"Piga gitare. Na mguu. Sasa hivi!"

"Cheri, réseau iko mubaya, sauti inakatika..."

"Piga, nakuomba!"

Mguu ukagonga sakafu. Kidole kikafuata, nyuma kidogo. Solange akalia kwa sauti.

"Juu ya nini ulituma ile ingine?"

"Weye ulisema nachelewa. Nilitia mudundo ya Bertin mu sikio, nikapiga siku tatu mpaka bidole bikatoka damu. Salamu niliogopa kuandika. Huku bunduki inalia, na mi naogopa kukupoteza weye."

"Bertin, futa hii," Solange akasema. "Weye, chelewa. Chelewa tu, lakini ubakie muzima."

Casimir akasema: "Barabara ikifunguka nitashuka na wazee wangu kwenu. Utakubali?"

Solange alihesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu, nne. Zamu yake ikafika, akaiacha ipite kidogo. Kwenye simu, kule Fizi, Casimir alikuwa amebana pumzi.

"Ndiyo," akasema.