Kamera Isiyo na Waranti

Kaunta ya matengenezo ilikuwa imefurika asubuhi hiyo. Watu walibanana na simu zao, kompyuta zao na hasira zao, kila mmoja ameshika kikaratasi cha foleni. Mpiga picha alikuwa namba hamsini na tatu. Alivaa gauni la njano lenye kuumiza macho, raba nyeupe, na kamera ameipakata kama mtoto mwenye homa. Harusi aliyopewa kupiga picha ilikuwa wiki mbili mbele, na kile kipazia cha ndani kinachofunguka picha inapopigwa kilikuwa kimekwama.

Fundi wa kaunta, mwenye aproni ya buluu na vidole virefu, aliigeuza kamera, akasoma namba yake tumboni, akaitafuta kwenye kompyuta.

"Dada, namba hii kwetu haipo."

"Najua. Niliinunua mtandaoni kutoka nje. Haikupitia kwenu mawakala."

"Basi haina waranti."

"Najua haina, kaka. Nilikaa nikapima. Kwa bei yenu ningepata kamera peke yake; kwa pesa hizohizo kule nimepata kamera na lenzi mbili za kazi. Nilijua ikiharibika ni juu yangu. Sikuja kuomba bure, nimekuja kulipa."

"Hata kwa kulipa haturuhusiwi. Isiyouzwa na wakala hatuifungui, na vipuri hatuuzi."

Mama mmoja kwenye foleni aliguna. "Vya rahisi hivyo! Ndiyo matokeo yake."

Mpiga picha aligeuka. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mama. Mimi nimeinama, mgongo ni wangu. Wewe unaumia wapi?"

Foleni nzima iliangua kicheko. Fundi alicheka pia, kisha akajifanya anakohoa maana meneja alikuwa karibu. Saa sita simu ya mpiga picha iliita.

"Ni fundi wa kaunta."

"Namba yangu umeitoa wapi?"

"Kwenye fomu uliyojaza."

"Hii ni kazi au uchokozi?"

"Uchokozi. Ila kamera naweza kuitengeneza nje ya kazi. Kipuri ninacho."

"Umekitoa wapi?"

"Wewe niachie mimi, mrembo."

Akamwachia. Hapo ndipo alipokosea, na baadaye alijilaumu kuliko alivyomlaumu fundi. Kamera ilirudi ikiwa nzima tarehe kumi na mbili, harusi ikapigwa picha zikapendeza, na fundi akakataa kupokea hata senti. Akawa anapiga simu asubuhi, mchana na jioni. "Umekula, mpenzi?" mpiga picha angeuliza. "Nimekula, ila nimekukosa wewe mezani." "Muongo mkubwa!" Mambo yakanoga. Mama mzazi wa mpiga picha, ambaye hakuwahi kumsamehe bintiye kwa ile kamera, alifurahi waziwazi. "Angalau mwanaume umemchukua dukani kwa wakala," alisema, "si mtandaoni."

Miezi miwili ikapita hivyo. Mchana mmoja mpiga picha alimpelekea fundi wake chakula kazini, amejipamba, mdomo mwekundu, kilemba cha kijani, kamera shingoni. Mbele ya kaunta alisimama mwalimu mstaafu aliyeshika kamera kama ile yake, ndugu pacha kabisa.

"Binti," mwalimu alikuwa anamwambia msichana wa kaunta, "hii kipazia chake kimekwama, na haijafunguliwa hata siku moja. Nilijinunulia kwa kiinua mgongo changu niwapige picha ndege. Nililipa bei yenu yote ili nisipate usumbufu."

"Lakini mzee, kompyuta inasema kipazia chako kilibadilishwa tarehe kumi na mbili, mwezi juzi. Waranti inabadilisha mara moja tu."

Mpiga picha aliijua tarehe ile. Aliweka chakula juu ya kaunta akaita kwa sauti ambayo hakuwahi kumwitia.

"Fundi! Njoo hapa."

Fundi akatoka chumba cha nyuma, akamwona mwalimu, akaiona kamera, akanywea.

"Kipazia cha mwalimu kiko wapi?"

"Mpenzi, tuongee nje…"

"Nakuuliza hapahapa."

"Kipuri nilikiandikisha kwa namba ya kamera yake," alisema polepole. "Kamera yake ilikuwa mpya, nikajua haitaharibika. Nilitaka kukusaidia wewe."

"Kunisaidia! Mimi nilijua naingia wapi. Mwalimu alilipa zaidi ili asiingie huko. Umembebesha hatari yangu bila kumwuliza, na mimi ukanifanya mwizi bila kuniuliza. Nani alikuambia siwezi kubeba mzigo wangu?" Akavua kamera shingoni. "Fungua. Kitoe, umpe mwenyewe."

"Una harusi Jumamosi."

"Fungua!"

Meneja alikuwa ameshafika, ila ya mwanzo hakuyasikia. Fundi angeweza kukana, na pale palikuwa na mwanya wa kukana. Badala yake alisema, "Nilifanya mimi. Huyu hakujua." Kisha akachukua bisibisi, na mbele ya foleni nzima akakitoa kipazia kwenye kamera ya mpenzi wake, akakiweka kwenye ya mwalimu. Kabla ya saa tisa hakuwa na kazi.

Mpiga picha alilia kwenye ngazi za jengo mpaka wanja ukamfika kidevuni. Alimpigia bibi harusi, akamwomba radhi, akamwachia kazi ile mpiga picha mwingine. Kisha, bado analia, akaingia mtandaoni, kwa muuzaji yuleyule wa nje, akaagiza kipazia kipya. Mama aliposikia alishika kichwa. "Hujakoma tu?" "Sikomi, mama. Hesabu yangu haikuwa mbaya, mtu ndiye aliyeiharibu."

Simu za fundi hakuzipokea. Si kwamba hakumpenda. Alimpenda, na hasira ilikuwa kubwa kwa sababu hiyohiyo.

Wiki ya tatu kipuri kikafika. Akapiga.

"Nina kazi ya fundi. Ya kulipa."

"Nani mwenzangu?"

"Usinitanie, bado nimekasirika."

Fundi alifika saa nne asubuhi, shati jeupe limenyooshwa, akakaa kwenye meza ya sebuleni akapanga vifaa vyake. Alikuwa amepata kimeza cha kufanyia kazi kwenye duka la kubadilisha vioo vya simu.

"Kamera iliyotoka popote nafungua," alisema. "Ila mwenye kamera namwambia kwanza kila kinachoweza kuharibika. Akikubali ndiyo nashika bisibisi."

"Na mwalimu?"

"Ananiita mwizi. Lakini lenzi zake ananiletea mimi."

Mpiga picha akacheka bila kupenda. Fundi akaweka bisibisi chini.

"Mpenzi, sikiliza. Mshahara sina, meneja amenichafulia jina kila duka, na mama yako amenipokea kama nimekuja kukata umeme. Nakoroma. Nilikukosea, na woga wa kukukosa bado ninao, unaweza kunifanya nikosee tena. Nakuuliza ukiwa unayajua yote hayo: utakubali nikuoe?"

Jikoni sufuria ilinyamaza ghafla. Mama alikuwa anasikiliza. Mpiga picha alimtazama mwanaume huyu aliyejimwaga wote mezani, hakuacha kitu mfukoni.

"Nimekubali," alisema kwa sauti ya kufika jikoni. "Na atakayekuja harusini kunionea huruma, nitamtoa mlangoni mwenyewe, hata akiwa mama yangu."