Picha ya Bibi Mshonaji

Kila siku akitoka shule, Chapuchapu alifuta meza zote za nyumbani kwa kitambaa chenye maji. Jina hilo alipewa na shangazi yake, na wala hakuonewa: mikono yake ilikuwa na haraka kuliko masikio.

Jioni moja alikuwa ukumbini akimsaidia shangazi, mpiga picha wa mtaa. Kesho yake wasanii watano wangefungua humo maonyesho ya pamoja. Picha kubwa ya shangazi, ya bibi mshonaji akitunga uzi kwenye sindano, ndiyo ingetundikwa mlangoni.

"Picha haziguswi na maji," shangazi alimwonya, kisha akaenda kununua misumari.

Chapuchapu akaona vumbi kwenye picha ile kubwa. Vumbi kidogo tu! Akachovya kitambaa kwenye ndoo ya maji ya mchonga vinyago, mmoja wa wale wasanii, aliyeinamia kazi yake kwenye kona, akapitisha mara moja. Lo! Wino ukachuruzika, uso wa bibi ukawa tope. Akaificha picha nyuma ya pazia.

Shangazi aliporudi, aliona matone sakafuni na picha haipo.

"Mchongaji, ndoo hii si yako? Picha yangu umeifanyaje?"

"Mimi? Tangu mchana sijainua kichwa! Kama mnaniona mharibifu, naondoka na vinyago vyangu."

Akaanza kuvifunga kwenye magunia. Chapuchapu akatupia jicho lile pazia. Angenyamaza, nani angejua? Lakini mzee wa watu alikuwa akifunga mizigo kwa kosa lisilo lake.

"Ni mimi, shangazi!" akasema huku akilia. "Niliifuta kwa maji, iko nyuma ya pazia. Mzee, nisamehe."

Shangazi alimwomba mchongaji radhi, kisha akatazama saa. "Duka la kuchapisha halijafungwa bado."

"Nitakwenda mimi. Nitakimbia!"

"Ukikimbia utaharibu tena," mchongaji alisema, akacheka. "Tembea."

Alitembea. Alisubiri kwenye foleni, akarudi na picha mpya ameishika kwa mikono miwili. Akapima fremu mara tatu kabla ya kukata kadibodi ya kuweka nyuma ya picha, na mchongaji akamshikia rula.

Kesho yake watu walijaa mlangoni. Bibi mshonaji mwenyewe alijitazama pichani, akasema, "Kumbe bado mzuri!"

Shangazi akamvuta Chapuchapu kando. "Karatasi iliharibika, tukachapisha nyingine. Lakini kama jina la mchongaji lingechafuka kwa kimya chako, mwanangu, lingine tungelichapisha duka gani?"